Mashine Isiyozimwa

Hapa Gisozi, Kigali, hakuna habari inayonipita. Nani kaposwa, nani kahamishwa kazi kwenye ofisi za Kacyiru, yote huanzia kwenye viti vya sebule yangu. Kwa hiyo kwaya ilipokosa pa kufanyia mazoezi Jumapili ile, niliwaita kwangu wote ishirini.

Mume wangu, Rutayisire, hakuwepo. Kwenye kona ya sebule ilikaa mashine yake ya kupimia masafa ya redio, nzito kama gunia la viazi, tarakimu zake za rangi ya chungwa zikiwaka ndani ya vichupa vya kioo. Miaka kumi na minane haikuzimwa. Umeme ukikatika, ilikula betri kubwa iliyo chini ya meza. Alikuwa akisema kristali ya ndani, inayoshika kipimo, lazima ibaki na joto. Ikipoa, hata ukiiwasha tena, inadanganya wiki nzima.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika, kinanda kikanyamaza.

“Shangazi, betri si hii hapa?” alisema Shallon, binti wa kaka yangu. “Hii mashine iko inaikula bure. Haiimbi, saa yenyewe haionyeshi.”

“Ichomoe kidogo tu, sha, mwanangu,” nikasema, na nikacheka na wengine.

Tuliimba kwa saa mbili, kinanda kikila betri ile. Kabla Rutayisire hajarudi niliichomeka, tarakimu zikawaka, nikapumua.

Jumatatu akaja Thomas, fundi mkuu wa redio moja. Mashine ya mzee wangu ikikubaliana na yake mpya, mzee angepewa kazi ya kupima mitambo yao yote ya kurushia matangazo. Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumtaka ushauri. Siku hiyo mzee alikuwa amevaa tai.

Thomas aliziunga zote mbili. Tarakimu za mwisho zilikataa kulingana. Za mzee zilikuwa zikipanda, polepole, moja baada ya nyingine.

“Mzee wangu, imechoka hii,” Thomas alisema kwa adabu.

“Haijawahi.” Rutayisire alinigeukia. “Mama Sangwa, kuna mtu aliigusa?”

“Nani aiguse?”

Thomas aliacha chai nusu kikombe. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Jumatano mzee aliizima kwa mkono wake, akamwita fundi wa Agakiriro, kule kwenye karakana, aichukue, aitoe shaba. Vichupa vilivunjikia mlangoni. Nilivifagia mimi.

Ijumaa ndipo nilipomwambia. Alivua miwani akaifuta, akaifuta tena.

“Ungesema pale pale,” alisema, “ningemwomba arudi wiki ijayo.”

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili kwaya walirudi. Shallon aliingia wa kwanza, amebeba kinanda, akaiona meza tupu kwenye kona.

“Ee, shangazi, leo iko nafasi.”

Akakiweka pale. Nilisikia mzee akifunga mlango wa chumbani, nami nikaenda kuleta viti.