Minazi ya Ziwa Yungi

Hakuna nyumba Ziwa Yungi ambayo Kificho hajapata kulala chali chini ya karo lake. Alikuwa fundi bomba, na ufundi hakufundishwa na mtu: alifungua vilivyoharibika, akavitazama, akavirudisha mpaka vikakubali. Kwa hiyo kamati ya mtaa ilipotaka mtu wa kuandika historia ya mahali pale, jina lake lilitajwa kabla chai haijamiminwa. "Mwachieni Kificho," walisema. "Yule haandiki jambo mpaka aligonge kwanza, asikie linalia vipi."

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, na Ziwa Yungi ilikuwa imekwisha kuwa mji bila ya mtu yeyote kuamua iwe mji. Ziwa lenyewe, la maji matamu, lilikaa katikati limetandwa na mayungiyungi, na nyumba zililizunguka kama watu waliokaa kwenye sinia moja. Zamani pande zote zilikuwa mpunga na mbu. Baada ya Mapinduzi, ardhi ya Pemba ilipogawiwa watu eka tatu tatu, kila mmoja alitazamia vilima vya mikarafuu. Ukingo wa ziwa hakuutaka mtu. Kisha bei ya karafuu ikaanguka, na walewale wa vilimani wakashuka kujenga hapa, karibu na Chake Chake. Wakaja wavuvi wa Wesha waliochoka kupanga. Wakaja jamaa wa Chokocho na mbegu zao za muhogo. Umeme ulipofika zikafuata mashine za kusaga, saluni, maduka ya simu, na skuli ya ghorofa moja ambayo watu walichangia mawe kwa vichwa vyao.

Kificho alipenda kuutazama mji huo asubuhi kutoka juu ya mnara wa tangi. Watoto walipita juu ya tuta la ziwa mmoja mmoja, kwa sababu tuta ni jembamba, na mkubwa alimpisha mdogo. Vespa zilipunguza mwendo mbele ya msikiti bila ya kibao cha kuziamuru. "Pana adabu hapa," alikuwa akisema, na kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Historia ilimchukua miezi mitatu na madaftari manne. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mtu wa mwanzo kukamata ukingo wa ziwa alikuwa babu yake, Mzee Abrahman wa Vitongoji, aliyepanda shamba la minazi. Bi Tatu binti Safari, ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na maji, aliandikwa kuwa amejenga ndani ya shamba hilo mwaka wa themanini na tano. Kificho hakuwa na shaka. Matofali ya nyumba ile aliyaona yakibebwa, naye ni kijana. Na mmoja katika minazi iliyo nyuma ya nyumba ulikuwa wake mwenyewe; tangu utotoni alikuwa akiambiwa "mnazi wako ule pale ziwani", na alipokuwa mtu mzima kila msimu alikwenda kuuangua.

Nakala moja alimpa Khairiya, mpimaji kijana aliyekuja kupima viwanja vya mtaa. Hakufikiri kama ataitumia kwa kazi. Lakini sharti la upimaji ule lilikuwa moja: ukingoni atapewa hati yule tu ambaye familia yake ilikuwapo kabla ya mwaka sabini na mbili, na wengine wote watahamishwa. Wiki haikwisha, ukuta wa Bi Tatu ukapigwa alama nyekundu.

Aliyeleta habari alikuwa Bakar, kaka yake, na aliileta kwa furaha.

"Yakhe, umetufaa! Shamba la babu sasa lina maandishi. Bibi wa watu atapewa kiwanja kwengine, nasi tunajenga nyumba ya wageni, madirisha yote yatazame maji."

"Bi Tatu anahamishwa kwa daftari langu?"

"Kwani uliandika uongo?"

Kificho alivaa makubadhi. Akaenda ziwani.

Bi Tatu alikuwa barazani akipepeta mchele. Umri ulikuwa sabini na kidogo, na mikono ilikuwa bado ina haraka.

"Hodi, Bi Tatu. Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Leo bomba gani linavuja? Wenye rangi walikuja wakapaka, hata hawakuniuliza naipenda rangi gani."

"Nimekuja kuuliza. Baba yako, Mzee Safari, aliacha karatasi ya eka zake?"

"Aliacha. Mchwa wakaisoma yote mpaka saini."

Kificho alikohoa. "Nimeandika kuwa hapa ni shamba la babu yangu. Kwa sababu ya minazi. Wangu ule pale."

Bi Tatu aliweka ungo chini akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya mambo! Mpemba gani weye usojua kama mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe? Miaka yote nakuona unachukua nazi uwani kwangu, nilikwambia neno?"

"Hukuniambia."

"Kwa kuwa ni zako! Lakini weye, mtu wa madaftari, hukujiuliza mnazi wako umefuata nini kwangu?"

Hakujiuliza. Jambo hilo lilimchoma kuliko kicheko. Aliomba ruhusa akaingia uwani, akaanza kuhesabu kama anavyohesabu viungo vya bomba. Minazi arubaini na mmoja. Vitongoji, babu yake alipanda kwa mstari, hatua nane baina ya mti na mti. Ukisimama pembeni unaona njia hadi mwisho. Hapa haukuwapo mstari. Mmoja ulikuwa peke yake karibu na kisima, mitatu ilikaribiana kama watu wanaopeana siri, na hakuna miwili iliyolingana kimo. Shamba la mtu mmoja halipandwi hivi.

"Hii ni ya nani na nani?" aliuliza.

Bi Tatu alimfuata akinyoosha kidole. "Huu wa Mwatum, fundi cherehani. Huu wa Jaribu, muuza samaki. Ule uliopinda wa Mwalim, na yeye mwenyewe kapinda vilevile. Huu mwenyewe yuko Tanga. Mama yangu, Bi Masika, aliyekuja na baba kutoka bara, alikuwa mkunga. Mvua zikijaza bonde, njia ya hospitali haipitiki, na wajawazito wa huku wote walikuja hapa, katika nyumba ya udongo iliyobomoka kabla ya hii ya matofali. Mtoto akitimiza siku saba, kitovu kikidondoka, kinazikwa uwani na mche wa nazi unapandwa juu yake. Mti ni wa mtoto. Ardhi ni ya aliyempokea."

"Na mimi?"

"Mwezi wa tatu, mwaka sitini na tisa, mvua ilimzuia mama yako hapa akienda hospitali. Ulitoka na kelele mpaka bata wakahama upande wa pili. Mama yako alikaa kwetu siku kumi, maskini, tukimpikia uji wa pilipili manga."

Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, na hakuna mtu aliyewahi kumpa hata siku moja ya maisha ya mama huyo kama alivyopewa sasa siku kumi nzima. Aliweka mkono juu ya gome.

"Na Bakar?" aliuliza mwishowe.

"Bakar kazaliwa Vitongoji kwa babu yenu. Hapa hana mti."

Kama yeye alizaliwa katika uwa huu mwaka sitini na tisa, basi Safari na Masika walikuwa katika uwa huu mwaka sitini na tisa. Karatasi ya Bi Tatu haikuliwa yote na mchwa. Kipande kimoja kilikuwa kimesimama hapa na makubadhi miguuni.

Jioni hiyo alimweleza kaka yake. Bakar alisikiliza huku akivunja njiti za kiberiti.

"Utamfuta babu kwenye historia?"

"Simfuti. Namrudisha Vitongoji alikokuwa."

"Na watu waseme tumezaliwa kwa wakuja wa bara?"

"Mimi nimezaliwa kwao," alisema Kificho taratibu. "Weye hukuzaliwa, usijisifu."

Jumamosi asubuhi watu walikusanyika kwenye uwanja wa skuli. Khairiya alikaa nyuma ya meza ndogo na ramani zake. Kificho aliinuka akasoma ukurasa wa kwanza mpya, kwa sauti yake ya chini iliyowalazimisha waliokaa nyuma kusogea mbele. Alisema kwamba alikosea, na akaeleza alikosea vipi: aliona miti akafikiri ameiona ardhi. Akasema kwamba wa mwanzo ukingoni walikuwa Safari na mkewe Masika, waliopewa mahali ambapo kila mtu alipakimbia, wakachimba mifereji, wakapakausha. Na kwamba mji huu, kabla ya kuwa na duka wala skuli, ulikuwa na chumba kimoja cha kuzalia.

"Umemuuza babu yako!" Bakar alipiga kelele.

Khairiya alinyanyua kalamu. "Mzee Kificho, nimekusikia. Lakini wiki iliyopita ulisema lile, leo wasema hili. Neno la mtu mmoja siwezi kuliandika."

Kificho alikubali kwa kichwa; hata yeye asingeliandika. Mwatum, fundi cherehani, aliinuka akajifunga mtandio kiunoni.

"Mwanangu, neno gani tena? Njoo ukaone. Miye wangu uko karibu na kisima."

Akatoka. Jaribu wa samaki akamfuata, na Mwalim, na mtu mwenye mashine ya kusaga, na wanawake wawili wa saluni, nywele za mmoja zimesukwa nusu. Walipita juu ya tuta mmoja mmoja. Khairiya alipofika uwani kwa Bi Tatu na kitabu chake, kila mtu alikuwa amesimama kwenye mti wake akingoja, wengine na vitambulisho mikononi. Alikwenda kutoka mnazi hadi mnazi, akauliza jina, akauliza mwaka. Walikuwa ishirini na sita. Wa kwanza kuzaliwa alikuwa Mwatum, mwaka sitini na sita.

"Mbona hamkusema mapema?" Khairiya aliuliza.

"Kuna mtu alituuliza?" alisema Mwatum, na macho yote yakamwendea Kificho, ambaye alitazama chini akatabasamu kwa aibu.

Bakar alikuwa amewafuata, akasimama njiani, nje ya uwa, peke yake asiye na pa kusimama. Khairiya aliandika jina la Bi Tatu kitabuni, akatoa utepe wa kupimia kiwanja chake, akatafuta mtu wa kumshikia ncha ya pili.

"Weye, Bakar," Bi Tatu aliita. "Watu wote wana kazi isipokuwa weye. Ingia ushike huo utepe."

Bakar alingoja kidogo, kama mtu anayeombwa radhi. Kisha akavua viatu, akaingia, akashika ncha akarudi nayo kinyumenyume mpaka visigino vikagusa maji.

"Vuta!" alisema Khairiya.

Akavuta.