Saini ya Mwisho

Nilikuwa naizunguka meza na tamko letu la unyenyekevu mkononi, na viongozi wa misheni kutoka nchi kumi na moja walikuwa wanaikwepa kalamu yangu. Mkutano ulikuwa umekwisha, zimebaki saini tu. Mimi karani nilitaka kuwahi basi la saa kumi, maana jioni ile binti yangu alikuwa anavishwa pete.

“Anza na mwenzangu,” alisema askofu mwenye miwani. “Mimi ni mdogo.”

“Mdogo kwa tumbo lipi, baba askofu?” mchungaji aliyeketi jirani yake akamjibu. “Saini. Mimi nitamalizia.”

Ndipo nikaelewa. Asubuhi mhubiri alikuwa amemsifu sana anayejiweka nyuma ya wenzake, na kila mmoja alikuwa amesikia vizuri mno. Nikampigia mke wangu kumwambia saini zimekwama.

“Wanagombea nini tena?”

“Nafasi ya mwisho.”

“Baba watoto, chora duara wasaini kulizunguka. Duara halina mkia. Halafu uje!”

Wazo liliwapendeza wote, ila walikataa mimi karani niwachoree. Askofu akachora kipande kidogo, akamwachia mwenzake heshima ya kumalizia. Mwenzake naye akachora kidogo, akasogeza karatasi.

Saa kumi ikapita. Mwenyekiti akafunga kwa sala ndefu, akasema tutaendelea kesho baada ya chai. Nikalitia tamko kwenye bahasha, duara likiwa limefika nusu, nikampigia binti yangu kumwomba radhi.