Kifungo cha Koti la Joram

Sufuria, mchekeshaji wa televisheni, alianguka tena kwenye matope, chali, miguu juu, kofia ikaruka upande wake, na tena wanawake wa kambi wakamkimbilia kumwinua.

"Pole, mwanangu! Pole sana! Umeumia?"

"Simameni!" akalia Salim, mpiga picha, akiondoa jicho kwenye kamera yake ya video. "Akina mama, tafadhali. Hapo mnacheka. Hamwinui mtu. Anaanguka makusudi."

Wanawake wakatazamana. Mtu mzima, sauti yake inajulikana Kenya nzima redioni, sura yake kwenye televisheni, atoke Nairobi kwa gari aje kuanguka Ahero makusudi? Hapa watu walikuwa wakianguka tangu mto Nyando uvunje kingo, watoto mgongoni, magunia kichwani, na hakuna aliyewapigia makofi.

Beldina hakuona kichekesho wala pole. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya darasa la nne la shule iliyogeuzwa kambi, koti la mumewe mabegani, macho barabarani. Tangu mafuriko hakujua tena kutulia. Anakaa, anainuka, anakwenda mpaka kwenye lami kutazama watu wanaotoka upande wa Katito, anarudi, anakaa, anainuka. Siku maji yalipoingia nyumbani, Joram alimtupia koti hilo ajikinge mvua, akasema anarudi kuchukua baiskeli, mara moja tu. Baiskeli ilipatikana imenasa kwenye miwa. Joram hakupatikana.

Mfa maji haachi kutapatapa, wasema Waswahili. Hapa aliyetapatapa alikuwa mkewe, tena nchi kavu.

Shemeji yake Ouma alikuwa ameshasema la kusema. Mtu ambaye mwili wake haukuonekana huzikwa kwa yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Huwekwa kaburini mahali pa mtu na huliliwa kama mtu, na kabla ya hapo jamaa na majirani hawapandi. Siku chache kabla ya hapo Ouma alikuwa ameleta moja, limefungwa kwa gunia, akaliweka kwenye kona ya darasa walimolala.

"Nyar Nyakach," alisema, akimwita kwa jina la kwao kama anavyoitwa mwanamke aliyeolewa, "maji yameshuka. Watu wanataka kurudi kupanda. Tutatia mbegu namna gani, na mtu wetu bado yuko nje? Sema neno tu."

"Toa hiyo kitu yako hapa."

"Itakaa hapo mpaka useme."

Likakaa. Beldina alilala akiligeuzia mgongo.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewasaidia wengine kuzika. Kwenye matanga ya Kano yote aliitwa kuigiza marehemu. Watu wakishalia mpaka sauti zikakauka, Beldina huvaa nguo za aliyekufa, akatembea mwendo wake na kugomba ugomvi wake, mpaka mjane mwenyewe acheke huku akipenga kamasi. Watu walimwomba mara nyingi awaigize walio hai, chifu kwa mfano, au mchungaji. Alikataa.

"Aliye hai hashikiki," alikuwa akisema. "Leo anakohoa hivi, kesho vile. Marehemu ametulia. Unamwona vizuri."

Dorca, jirani yake, ndiye aliyemtaja. Alimfuata Sufuria, ambaye sasa alikuwa akijipangusa tope masikioni, akamwonyesha ngazi.

"Kama unataka watu wacheke, mwachie yule. Wewe hujui."

Sufuria akaja, akachuchumaa mbele ya Beldina. Mbali na kamera sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Mama, mimi naitwa Shitanda. Sufuria ni ya televisheni tu. Nimeshindwa na watu wako."

"Watu wamelelewa. Mtu akianguka anainuliwa."

"Nimeona." Akatabasamu. "Lakini sikiza, mama. Nairobi wameona picha za watu wakilia mpaka wamezoea. Wakiona kilio wanazima. Wakicheka watakaa, wakikaa watatoa blanketi, watatoa mbegu. Kanda hii itaonyeshwa Jumapili, Kenya nzima."

"Kenya nzima?"

"Penye televisheni yoyote."

"Hata hospitali ya Homa Bay?"

Shitanda hakujua anaulizwa nini. "Wakiwa nayo, wataona."

Beldina akainuka. Nyando humwaga ziwani, na ziwa huchukua mtu huku likamtapika kule, alikuwa amelisikia hilo tangu utotoni. Labda mahali fulani ng'ambo amelazwa mwanamume asiyekumbuka jina lake. Na kama kulikuwa na jambo moja Joram hakuweza kulivumilia duniani, ni kuigizwa. Siku moja tu alimjaribu, kwa utani, jikoni kwake, na Joram alimkimbiza kuizunguka ghala mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi. Akimwona mkewe akimdhihaki mbele ya taifa zima, hata kama amesahau jina lake, atarudi siku hiyo hiyo na fimbo mkononi. Matumaini mengine ni ya kijinga, lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

"Nitamwigiza mume wangu," alisema.

"Yawa, Beldina!" Dorca akashika kichwa. "Na hatujamzika!"

"Ndiyo sababu. Sifanyi maiti mimi. Namchokoza aje."

Nyuma ya watu Ouma alisikia nusu yake tu. Kwa desturi, Beldina akivaa nguo za mtu, mtu huyo amekwisha. Akavua kofia yake taratibu, akainamisha kichwa.

"Vaa kofia yako, Ouma!" Beldina akamfokea.

Kisha akaingiza mikono kwenye koti. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe tumboni kulifumba, kwa sababu kifungo cha katikati kilikatika tangu Krismasi. Joram alimwomba akishone. "Kesho," alimjibu. Akaomba tena. "Kesho."

Akakohoa mara mbili, kikohozi cha mtu anayefungua mkutano. Akatembea kifua mbele, akasimama mbele ya baiskeli asiyokuwa nayo.

"Wewe baiskeli! Nimekupa mafuta. Nimekupa tairi. Sasa unataka nini? Nikubebe?" Akaanza kuhesabu makosa yake kwa vidole, na ili ahesabu ilibidi aachie koti. Koti likafunguka. Akalidaka, akapoteza hesabu, akaanza upya kwa hasira zaidi, likafunguka tena. Dorca alikuwa wa kwanza kupasuka. Kisha kambi yote ikacheka, watu waliokuwa hawajacheka tangu mvua ianze, wakashikana wasianguke. Shitanda alikaa kwenye matope bila kujua amekaa. Kamera ya Salim ilikuwa ikitikisika.

Beldina akaisogelea ile kamera mpaka karibu kabisa. "Joram," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "kama unaniona, njoo unipige."

Jumapili watu walijaa hoteli ya Agneta pale Ahero, ambako televisheni ilikaa juu ya kabati la mandazi. Beldina alichagua kiti cha mlangoni, akaupa mgongo umati, akatazama barabara. Alisikia Sufuria akianguka. Alisikia watu wakisema pole, halafu wakijicheka. Kisha kikohozi, mara mbili, na hoteli nzima ikalipuka.

Akageuka kabla hajajizuia.

Hakujiona pale. Alimwona Joram. Shingo ni yake, mkono tumboni ni wake, hata ule mdomo kabla ya kutukana. Beldina alitafuta mahali alipokosea. Wanaoishi huponyoka mahali, alijua, lazima waponyoke. Alitafuta mpaka mwisho, na Joram hakuponyoka. Alikuwa ameshikika mzima.

"Ametulia," akasema.

"Nani?" Dorca aliuliza, akifuta machozi ya kicheko.

Beldina alibaki ameketi baada ya watu kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu maji yaje hakuinuka kwenda kutazama barabara. Uchungu ulimjia hapo hapo kitini, akalia mbele ya Agneta aliyekuwa akikusanya vikombe.

Siku chache baadaye lori lilifika kambini limejaa blanketi na mbegu. Nairobi walikuwa wamecheka. Watu walipokea magunia yao, wakayaweka chini, na hakuna aliyefunga mizigo. Walikuwa wakimtazama Beldina kwa kuibia.

Beldina aliingia darasani. Akavuta lile gunia kutoka kwenye kona, akalifungua, akalipakata yago mapajani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akalivika koti. Akamwomba Dorca sindano, kisha akakata kifungo kwenye gauni lake mwenyewe, kile cha kifuani. Kilikuwa cheupe na koti lilikuwa la kahawia.

Ouma alikuja akasimama mlangoni. Alitazama kidogo, akavua kofia.

Beldina akainua macho. Alikuwa na uzi mdomoni, na hakumwambia aivae.