Pwani Iliyochorwa kwa Bia

...mashariki, pwani inakata kuelekea mashariki, Mungu wangu, wala si kusini kama tulivyodhani sote, na kidole cha Lubbert kinaburuza bia juu ya meza ya dada yangu, rasi, ghuba, rasi nyingine, amerudi juzi tu kutoka baharini na chumvi bado imo ndevuni, na mkono wangu chini ya meza unamfuata, unachora pajani, ila kinyume, kulia kuwa kushoto, maana ndivyo tunavyochonga kwenye bamba la shaba la kuchapia, miaka ishirini na mbili nachapa ramani hapa Amsterdam, siwezi tena kuona pwani bila kuigeuza... "We Wessel, unanisikia au umeshalewa?" nakusikia, shemeji, pale pote mimi niliacha peupe kwenye ramani yangu, jirani yangu Hoogstad akajaza simba watatu na mfalme mwenye mwavuli kwa kuwa hakujua kitu, na ndiye anayesifiwa, ngoja, ngoja mwezi ujao niitundike yangu dirishani, atakosa pa kuficha uso, watu watapigana vikumbo mlangoni kwangu... "Hapa tulikaa siku tisa, maji matamu, tukanywa kama ng'ombe," meli moja tu ndiyo iliyofika huko, meli yake... meli moja. Ah. Basi nikiichapa hakuna atakayehitaji kuuliza nani kasema, wenye meli walimwapisha kwa Biblia asimwonyeshe mtu, watamfunga, na Griete je... "Toeni viwiko hapo, samaki tayari," ndiye huyo Griete, dada yangu, mke wake, kitambaa mkononi, "watu wazima, meza yote mmeilowesha!" "Subiri, mama, bado kidogo," Lubbert anamwambia, kisha ananitupia jicho, tumekaa benchi moja, anautazama mkono wangu pajani, ameuona, amejua tangu alipochovya kidole, na bado anachora, polepole, nisikose kitu, kwa kuwa ni mimi... naona aibu, aibu na furaha, furaha kubwa kuliko ile ya dirishani, sitaichonga, Hoogstad abaki na simba wake, mkono umetulia wenyewe, kidole kinapinda tena kaskazini na mimi nimelala kifua juu ya meza, sijali shati, "Na mto, Lubbert? Huo mto unatokea wapi?"