Namba Nane ya Bépanda

Aurélien Kamdoum alirudi Bépanda, mtaa wao wa Douala, na sanduku zima la jezi. Alikuwa kiungo. Alicheza Malta, Albania, Oman na Vietnam, na Moldova alikwenda mara mbili, kwa kuwa mwenye klabu alikuwa amesahau kwamba alishamfukuza. Kila mahali alipokewa uwanja wa ndege kwa maua na skafu, akaambiwa yeye ndiye moyo wa timu. Kisha hufika kocha mpya, na kila kocha mpya alikuja na moyo wake.

Mama yake, Mama Ernestine, hakuwahi kumwona akicheza. Mechi za Moldova hazikuonyeshwa Douala. Hata Moldova kwenyewe hazikuonyeshwa sana. Sasa goti lilikuwa limeanza kulalamika, na Aurélien alitaka jambo moja tu: mama amwone akicheza, walau Jumapili moja, kabla goti halijastaafu bila yeye.

Akaenda kwa maveterani wa mtaa, wanaocheza kila Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya shule. Mwenyekiti wao, Tagne mwoka mikate, alimsikiliza kwa heshima zote.

"Kiungo tunaye, ni Foning."

Foning alikuwa fundi cherehani mwenye kitambi, ambaye hakuvuka mto Wouri ila kwa misiba.

"Lakini kaka Tagne, Foning hakimbii."

"Akimbilie wapi? Nafasi ni yake tangu tuanzishe timu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nacheza mpira."

"Basi hapo ndipo ulipokosea, mdogo wangu."

Foning mwenyewe alimfariji. "Usijali, Profesheno. Anza golini, ujifunze mchezo wetu taratibu."

Ilibaki njia moja. Kwa maveterani, anayewalisha wenzake Jumapili hiyo huchagua nafasi yake, na hakuna anayehoji. Tagne, zamu yake ilipofika, aliwahi kucheza ushambuliaji akiwa amekaa kwenye kiti. Aurélien akaomba zamu, na kwa kuwa hakuwa na mke, mama yake akakubali kupika.

Jumapili ikafika. Foning alimkabidhi jezi namba nane kama mtu anayeazimisha mtoto mchanga. Aurélien akaingia katikati, akatoa pasi ya kisigino iliyovuka nusu ya kiwanja.

"Nzuri," alisema Foning kutoka benchi. "Ya Kimoldova."

Aurélien akatazama kwenye viti vya akina mama. Mama hakuwepo. Ndipo alipouona moshi. Sufuria za ndole, mboga ya majani machungu na karanga, zilikuwa kwenye kona, na Mama Ernestine alikuwa ameziinamia, akiupa uwanja mgongo. Ili Aurélien apate nafasi ya kuonekana, alikuwa amempa mama kazi ya kutomwona. Kumwita asogee hakukuwezekana. Ndole ikiungua, maveterani wangemkumbuka kwa hilo tu.

Mapumziko yalipofika, alivua jezi.

"Foning, chukua namba yako."

"Umechoka, Profesheno?"

"Naomba beki wa kulia."

Tagne alikunja uso. "Pale hatuchezeshi mtu. Pale tunaweka wagonjwa."

"Pale pale, kaka."

Baada ya timu kubadilishana pande, kona ya beki wa kulia ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye sufuria. Winga mmoja mwembamba wa wapinzani, timu ya mtaa wa Akwa, akaja mbio. Aurélien akamwita mama yake, akauchukua mpira mguuni pa kijana yule bila kumgusa, akampelekea Foning, ambaye aliupoteza bila haraka.

Mama Ernestine alikuwa ameinua kichwa, mwiko mkononi.

"Ndiyo kazi iliyokupeleka kote huko?"

"Ndiyo hii, mama."

"Na huko nako walikuweka pembeni?"

"Mara nyingi."

Alikoroga kidogo, akasogeza sufuria kando, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Moshi huu. Sikuona vizuri. Mwache yule mwembamba aje tena."

Aurélien akarudi nyuma hatua mbili, akamwachia winga njia.