Vifaa Vilivyosimama kwa Heshima

Itambulike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, waliochomekea mashati na wasiochomekea, kwamba Jumamosi hiyo asubuhi ilizinduliwa rasmi safari tukufu ya kuunda mashine ambayo ukoo mzima haujapata kuiona. Waliohudhuria uzinduzi walikuwa msichana mmoja wa kidato cha tatu, mfuko wa plastiki uliotoboka, na mama yake, aliyetoa hotuba fupi kutoka kwenye cherehani: "Na ukirudi uniletee uzi mweupe!"

Msichana huyo bwenini waliwahi kumpa jina la Kipaza, kwa kuwa akinong'ona upande wa kaskazini wa bweni, upande wa kusini walimjibu. Likizo mbili mfululizo alikuwa amewasuka watu nywele mpaka vidole vikaota sugu, ili anunue vifaa kimoja kimoja na kuunga kompyuta yake mwenyewe. Si ya kuandikia barua. Ya kuchezea gemu, zile zenye majoka na milipuko, ambazo kompyuta dhaifu ikizijaribu huzimia.

Alikuwa na sababu. Shuleni kwao somo la kompyuta lilifundishwa kwenye karatasi ya manila. Mwalimu alichora kibodi, wanafunzi wakapanga foleni, kila mmoja akabonyeza herufi yake kwa kidole, na mwalimu akasema, "Vizuri, imeandikwa." Kompyuta zenyewe zilikuwepo. Zililetwa na wafadhili wakarimu wasiojua kipimo, zikiwa na nguvu za kurushia roketi, na zikafungiwa kwenye maabara chini ya vitambaa vyeupe vyenye pindo la kijani. Hazikuguswa, zisije zikachafuka. Wageni walioneshwa vitambaa kupitia dirishani, nao wakaridhika.

Vitambaa hivyo alivishona mama yake Kipaza, bure. Mwalimu mkuu alikuwa kaka wa mama huyo, yaani mjomba wa Kipaza, na kaka akiomba hatajiwi bei.

Mtaa wa vifaa vya mtumba ulikuwa nyuma ya soko la viatu. Muuzaji mwenye meza ndefu kuliko wote aliitwa Daktari, kwa sababu alivaa koti jeupe, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumrudishia maiti.

"Dada, unataka ya ofisini au ya vita?"

"Ya vita."

"Basi tuanze na kadi ya picha. Hiyo ndiyo misuli."

"Tuanze na pawasaplai, inayolisha wengine umeme," alisema Kipaza. "Misuli isiyokula ni nyama tu."

Daktari alimtazama upya, akavuta kiti.

Walichagua mpaka jua likahama meza. Prosesa ya kwanza ilikuwa na kasi nzuri lakini miguu yake haikuendana na tundu la madabodi, ule ubao ambao kila kitu huchomekwa juu yake, na Kipaza akairudisha bila majonzi. Alikataa feni zenye taa za rangi saba kama za ukumbi wa harusi, akachukua isiyo na taa. "Nataka kucheza, sitaki kuolewa," alisema. Vijiti vya memori alichukua pacha, kwa maana kimoja kikiwa peke yake hudorora. Kadi ya picha aliipima kwa futi ya mama yake, akalipima na kasha, akaacha nafasi ya mshono.

"Vimetumika sana?" aliuliza.

"Hapo sasa nikwambie. Kasha limetumika, limepigwa hata mateke. Lakini hivi vingine havijawahi kuwashwa. Vimetoka kwa mtu mkubwa, tena msomi, anavaa tai."

Kwenye tundu la kadi ya picha palikuwa pamenasa uzi wa kijani. Kipaza aliuona, akanyamaza, jambo ambalo wanaomfahamu hawaliamini mpaka leo.

Alipofika nyumbani alivimwaga vifaa juu ya meza ya chumbani akaenda kula. Aliporudi vilikuwa vimejipanga kwa kimo, vifupi mbele, virefu nyuma, vikiwa vimeachana kwa urefu wa mkono, ingawa havikuwa na mikono. Kasha, ambalo halikusoma shule hiyo, lilisimama pembeni kama mwanafunzi mgeni ambaye bado hajapewa godoro. Mama alichungulia.

"Afadhali vimelelewa," alisema. Kisha akauona uzi wa kijani. Aliuchomoa, akaunyoosha kwenye mwanga, akaupitisha midomoni kama anayetaka kutunga sindano. Aliuweka ndani ya kopo la vifungo na kulifunika.

Kila asubuhi, saa ya kupanga mstari shuleni, vifaa viliimba wimbo wa shule, feni ikiwa nje ya sauti. Mwalimu mstaafu wa jirani alipopita dirishani na ndoo yake, vilisimama vyote. "Shikamoo, Mwalimu!" Mstaafu huyo akajibu, "Marahaba, wanangu," akaendelea na ndoo.

Kipaza aliviunga taratibu, bisibisi mkononi, akiongea navyo ili visiogope.

"Mlikuwa wapi?"

"Maabara, safu ya dirishani," ilijibu feni, ambayo ndiyo ilikuwa kiranja.

"Na wenzenu?"

"Wameuzwa. Makasha ndiyo yamebaki, yamefunikwa."

"Na mlikuwa mnafanya nini humo ndani?"

"Tulikuwa tunasubiri kuwashwa."

Kipaza alikaza skrubu ya mwisho na kubonyeza kitufe. Mashine iliwaka, ikavuta pumzi ndefu, ikasema, "Kumbe ndiyo hivi."

Jumapili ya wiki iliyofuata Mjomba alikuja kula chakula cha mchana. Alikalia kile kiti ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, tai imenyooka kama rula, na mama akampakulia kwanza, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo tangu enzi. Nyumba hiyo haikuwahi kumkatalia kitu. Aliposema karo ipande, ilipanda. Aliposema binti asicheze mpira, mpira ulitobolewa.

"Dada," alisema wakati wa chai, "vile vitambaa vimefubaa. Wakaguzi wanakuja. Nishonee vingine."

Mama alikitua kikombe chake mezani.

Hapo ndipo upepo ulipovuma na kufungua mlango wa chumbani. Juu ya meza mashine ilimwona, ikasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

Mjomba alikuwa na chai mdomoni. Miaka yote hiyo ya mstarini haifutiki kwa mara moja. Aliimeza, akajibu bila hata kugeuka:

"Marahaba. Kaeni."

Mashine ikakaa.

Mjomba alikitazama kikombe kwa muda kama anayetafuta humo mtu mwingine wa kusingizia. Angeweza kusema hazijui sauti hizo. Lakini alikwisha kuziitikia, na kuziitikia kwa jina la cheo chake.

Mama alikwenda kwenye kopo la vifungo, akarudi na uzi wa kijani, akaulaza juu ya sahani ya kaka yake.

"Kaka. Vitambaa vyangu vilifunika nini?"

"Vilifunika vizuri sana, dada yangu," alisema Mjomba, naye alimaanisha sifa.

Alijifuta midomo, akasimama. "Mtoto wa shule na mashine ya gemu, wapi na wapi? Nitaondoka nayo, ikatunzwe."

Kipaza alikuwa amekwisha simama mlangoni pa chumba.

"Hapana, Mjomba."

Mjomba alitazama huku na huku, kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika na anataka kujua ni ya nani.

"Umesemaje?"

"Nimesema shikamoo, na nimesema hapana."

"Mpishe," alisema mama, kwa upole. "Aibebe kama ataiweza."

Mjomba aliingia chumbani na kuiamuru, "Inukeni, twende!"

"Kengele haijalia, Mwalimu Mkuu," ilijibu feni kwa adabu.

Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe: hakuna kuondoka kitini kabla ya kengele, hata paa likishika moto. Alikumbatia mashine akajaribu kuinyanyua. Ilikuwa na uzito wa darasa zima lililogoma. Alijaribu kwa kupiga magoti, akajaribu kwa kuvua koti. Kasha lenye alama za mateke liliguna, kwa furaha ya kuwa mwanafunzi kamili hatimaye. Mwishowe Mjomba alivaa koti lake, akarudi sebuleni na kumaliza chai, kwa sababu chai haikuwa na kosa.

Mama hakushona. Vitambaa vipya vilishonwa kwingine, vikawekwa pindo la buluu. Wakaguzi walikuja, wakachungulia dirishani, wakaridhika, na Mwalimu Mkuu akatunukiwa ngao ya utunzaji bora wa vifaa. Mama alipeleka uzi wake kwenye bodi ya shule. Mwenyekiti aliukagua pande zote mbili, akasema ni uzi imara, siku hizi haupatikani.

Muhula ulipofunguliwa, Kipaza alipanga foleni mbele ya manila kama wengine. Zamu yake ilipofika alibonyeza herufi yake.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Imeandikwa."

"Haijaandikwa," alisema Kipaza.

Kaskazini walisikia, na kusini pia. Aliyefuata akabonyeza, akasema haijaandikwa, na aliyemfuata naye vilevile, mpaka mwisho wa foleni. Darasa zima lilipewa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya maabara. Walifyeka. Manila haikubanduliwa.

Likizo, mashine huhamishiwa sebuleni, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na majoka hufa karibu kabisa na kile kiti cha Mjomba. Yeye bado huja Jumapili. Nayo husimama, humwamkia, naye huitikia na kuiambia ikae, kwa kuwa hana namna nyingine ya kuingia.

Hapo ndipo kisa hiki kilipangwa kuishia, kwa heshima na taadhima. Lakini kimechapwa kwenye mashine hiyohiyo, na mama wa mtu amesimama nyuma ya kiti, futi shingoni, akisoma.

"Huyu Kipaza ndiye nani, kama si wewe?"

Sawa. Ni mimi.

"Na upepo gani huo? Siku ile hata pazia halikutikisika."

Haya, Mama. Hapakuwa na upepo. Nilikwisha kuviona vifaa vikisimama akipita mwalimu wa ndoo, nikangoja chai imjae Mjomba mdomoni, nikausukuma mlango kwa mguu. Na Jumapili hii nitausukuma tena.