Kitambaa Cheupe cha Jael

"Mama Shirleen, kitambaa changu ulikiona?"

Jael aliniuliza hivyo kwenye pipa la taka, nje ya ukuta wa nyumba anayofanyia kazi, jirani na ninayofanyia mimi hapa Al-Safa, Jeddah. Nikamwambia nimekiona. Akashukuru, akakimbilia ndani kabla madam wake hajamwita. Sikumdanganya, lakini sikumwambia yote.

Mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya wa Jeddah na Riyadh huchaguliwa na wajumbe saba, kila mjumbe kura moja kwa niaba ya watu wake. Mimi ni mjumbe wa mtaa huu, nina wanawake kumi na mmoja, wote wa kazi za nyumbani. Watano hawana simu, madam zao huzifungia kabatini. Kwa hiyo tulipatana kwamba Ijumaa ya uchaguzi, asiye na simu na anamtaka Hezron awe mwenyekiti aanike kitambaa chekundu cha jikoni juu ya paa. Anayemtaka Maryann aanike cheupe. Wenye simu wangeniandikia. Siku hiyo nikapanda paa letu na beseni la nguo, nikatazama paa moja moja. Vitambaa vyote vitano vilikuwa vyeupe. Nilipojumlisha na wenye simu, Maryann alikuwa na wanane, Hezron watatu.

Nikampa kura Hezron.

Mume wangu alipofariki, Hezron alitoka Riyadh kwa basi, akakaa na kafili wangu, mwajiri anayeshika vibali vyangu, wakazungumza mpaka nikaruhusiwa kwenda kuzika. Kabla ya kupiga kura nilisali, nikajiambia Mungu anaona shukrani. Hezron akashinda, wajumbe wanne kwa watatu.

Sasa mkataba wa Jael umeisha miezi mitano iliyopita, na waajiri wake hawamwachi aende kwao. Barua ya chama ya kupeleka ubalozini huandikwa na mwenyekiti peke yake. Hezron yuko Olaya, kule Riyadh, anasimamia walinzi, na kila nikimpigia ananiambia, "Bado nafuatilia, mama." Maryann ni muuguzi, anaishi papa hapa Jeddah, na ndiye angekuwa karibu na Jael.

Ijumaa iliyopita wajumbe tulikutana kwa Maryann, Al-Hamra. Akaleta hoja: wajumbe tuache kuchagua, kila mwanachama apige kura yake mwenyewe kwa simu, na uchaguzi urudiwe mwezi huu.

"Na wasio na simu?" Hezron akauliza. "Madam amechukua simu, na wewe unachukua kura. Si halas, yamekwisha sasa?"

Niliona Maryann hakuwa amewafikiria.

"Mjumbe ndiye simu yao," akasema Elphas, mjumbe wa Riyadh. "Tena haiishi chaji." Watu wakacheka.

"Muulizeni Mama Shirleen," akasema Hezron. "Ana watano. Waambie, mama."

Wajumbe sita walikuwa wameshasema, watatu huku, watatu kule. Nilibaki mimi.

"Ni kweli, wasio na simu wasisahauliwe," nikasema. "Lakini hiyo simu yao ni mbovu. Watu wangu wanane walimtaka Maryann. Mimi nikakupa wewe, Hezron, kwa sababu ya msiba wangu."

"Ulijua wanane?" Maryann akaniuliza.

"Nilihesabu mwenyewe."

Hezron akanitazama. "Kwa hiyo nilikosea kukusaidia?"

"Hukukosea, ndugu yangu. Ulinisaidia mimi. Kura ilikuwa ya Jael, na Jael yuko bado jikoni kwa watu."

Nikawaambia ninavyoona. Mwenye simu apige kwa simu. Asiye nayo aanike kitambaa, na wahesabu watu wawili, mmoja wa kila upande. Kila kitambaa kiwe kura moja, kisipitie mkononi mwangu tena.

"Yaani tuchague mwenyekiti kwa kuchungulia nguo za watu?" Elphas akasema.

"Mimi nilishachungulia. Nilichokosa ni kuzifuata."

Maryann akaomba tunaokubali tuinue mikono, na vitambaa vikiwa ndani ya hoja. Ikainuka mitatu, kisha wangu, na hoja ikapita wanne kwa watatu. Hezron aliutazama mkono wangu mpaka nilipoushusha. Akachukua simu yake mezani, akavaa viatu pale mlangoni, akatoka.